RISASI ISIYO NA BUNDUKI: Shemeji, toa huo moto wa betri uani

SEHEMU YA 1: Kilichonifanya niandike



Wiki iliyopita, mwishoni mwa somo la chanjo, niliweka mstari mmoja tu: wanaoyeyusha betri nyumbani kutengeneza chubwi za mishipi na nyavu, waache. Jamani, mstari mmoja! Nimeambiwa nataka wavuvi wafe njaa. Nimeambiwa manesi tunapenda kutisha watu. Mwingine kanitumia video ya mzee wa Kimarekani anayeyeyusha risasi kwenye banda lake na kuzimimina kwenye kalibu, kisha akaniandikia: "Ona dada, wazungu wanafanya kwa starehe, wewe unatuzuia sisi wenye shida."

Nimeitazama video yote. Ndiyo maana leo naandika kwa kirefu. Nitagawa sehemu sita, someni mpaka mwisho.

Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni lile madini la kijivu, zito, laini, lililomo ndani ya betri ya gari, ambalo unaweza kulikwaruza kwa ukucha likaacha alama. Ya kwanza mtoto akiiona hata kwenye TV anaziba masikio. Ya pili baba yake anaipika nyuma ya nyumba kwenye sufuria lililotoboka, mtoto kakaa pembeni kwenye kigoda anaangalia. Ya kwanza ikimpata mtu, mtaa mzima unajua. Ya pili inampata mtoto kimya kimya, na mama anaambiwa mwanao mzito tu, ataongea, usiwe na haraka.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane: risasi isiyeyushwe nyumbani panapolala mtoto au mama mjamzito. Sisemi iyeyushwe kwa uangalifu. Nasema isiyeyushwe.

SEHEMU YA 2: "Mbona Wamarekani wanafanya?"

Ni kweli wanafanya. Marekani kuna watu wengi, hasa wanaume, ambao burudani yao ni kujitengenezea risasi za bunduki zao. Wanajifunza kwa wazee, kwa vitabu na kwa kutazamana. Wanaokota zile risasi ndogo za kubalansi tairi, au wanachimbua vichwa vya risasi kwenye tuta la udongo la uwanja wa kulenga shabaha. Wanayeyusha, wanaondoa uchafu unaoelea, wanamimina kwenye kalibu. Tofauti na fundi wetu wa chubwi ni umbo la kinachotoka kwenye kalibu.

Sasa shemeji, umetazama mikono ya yule mzee, hukutazama mazingira yake. Ana chungu cha umeme chenye kupima joto, hapulizi mkaa kwa mdomo. Chungu hicho hakijawahi kupikia wali na hakitapikia. Banda liko mbali na jiko, mlango wazi, feni inatoa hewa nje. Miwani, glovu, viatu vya kufunika.

Na waulize wenyewe nini cha kwanza wanachomfundisha mgeni wa kazi hiyo. Usile, usinywe, usivute sigara ukiwa kazini. Nawa mikono kabla ya kushika kitu kingine chochote. Badilisha nguo, zifuliwe peke yake. Tone la maji lisikaribie chungu. Watoto wakae mbali. Na wenye busara miongoni mwao huenda hospitali kupima damu waone risasi imefika kiasi gani. Yaani mtu anayefanya kwa starehe, mwenye vifaa vyote hivyo, bado anapima damu yake kwa hofu.

Sasa hebu tutoke uani kwetu tuangalie. Jiko la mkaa. Sufuria chakavu ambalo kesho litachemshia maji ya kuoga mtoto. Betri imepasuliwa kwa shoka, maji yake ya asidi yamemwagwa kwenye mchanga karibu na kamba ya nguo, na nepi zimeanikwa hapohapo. Fundi yuko tumbo wazi, ana kandambili, anakoroga kwa kijiko. Akimaliza anambeba mwanae begani, anakula ugali.

Ukiniletea mfano wa Mmarekani, niletee wote. Usinikatie kipande cha kumimina ukaacha kipande cha kunawa.

Na tusisahau hilo tone la maji. Risasi huyeyuka kwenye nyuzijoto 327. Maji yakiingia humo, hata jasho la paji la uso, yanageuka mvuke kwa mara moja na kuirusha risasi ya moto juu na pembeni. Mtoto aliyekaa kwenye kigoda, uso wake uko usawa wa sufuria. Sihitaji kuendelea.

SEHEMU YA 3: Inaingiaje kwa mtoto?

Kuna shemeji msomi atasema: "Dada, risasi haichemki mpaka nyuzijoto zipite 1700, jiko la mkaa halifiki huko, kwa hiyo hakuna moshi wa risasi." Namba zake ni sahihi, ila hitimisho lake ndilo baya. Mvuke ni sehemu ndogo ya tatizo. Tatizo kubwa ni vumbi.

Risasi iliyoyeyuka ikikutana na hewa inafanya utando wa kijivu juu, kama ukoko wa maziwa. Fundi anaukwangua na kuutupa chini. Ukikauka unakuwa unga laini kabisa. Upepo wa pwani mnaujua, haukai. Unga unatua kwenye mchanga, kwenye kizingiti, kwenye kanga iliyoanikwa, kwenye ndoo isiyo na kifuniko, kwenye nywele na nguo za fundi. Ukipasua betri ni hivyohivyo, maana matope yaliyomo ndani ni risasi tayari.

Halafu anakuja mwanao wa miezi kumi. Kazi yake duniani kwa umri huo ni mbili: kutambaa na kutia vitu mdomoni. Anashika chini, analamba vidole. Anaokota kichubwi kimoja kilichodondoka, anakinyonya. Na mwili wake haufanani na wako. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi iliyomezwa mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Akiwa na upungufu wa madini ya chuma, na wodini tunawaona wengi wenye damu pungufu, anafyonza zaidi.

Mwili hauijui risasi ni adui. Unaichukulia kama kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa na meno. Huko inakaa miaka mingi. Iliyobaki inapita kwenye damu na kufika kwenye ubongo, ule ubongo ambao ndiyo kwanza unajengwa.

Kiasi gani kinadhuru? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mtoto akikutwa na mikrogramu 5 kwa kila desilita ya damu, chanzo kinatakiwa kitafutwe na kuondolewa. Nifafanue kwa hesabu ya nyumbani. Mikrogramu ni gramu moja ukiigawa mara milioni. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800, yaani desilita 8. Kwa hiyo mikrogramu 40 tu zikiwa ndani ya damu yake yote, tayari amefika hapo. Gramu moja ya risasi ina mikrogramu milioni moja. Na betri moja ya gari ina risasi kilo kadhaa. Si yote itaingia kwa mtoto, naelewa, lakini mnaona mnacheza na nini.

Dalili zake ndizo zinazonikera kuliko vyote, kwa sababu hazina sura. Tumbo linauma. Choo kigumu. Hamu ya kula hakuna. Mtoto analialia, hasira, usingizi mbaya. Damu pungufu. Anachelewa kuongea, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea. Shuleni hatulii, haelewi. Ikizidi sana ni kutapika, degedege, kupoteza fahamu, kifo. Dalili hizi ukizileta kliniki zinafanana na malaria, minyoo, typhoid, utapiamlo. Kipimo cha malaria hakioni risasi. Wewe mama usiposema "nyumbani kwetu tunayeyusha betri", sisi tunaweza tusifikirie kabisa.

Na wewe mjamzito, hii inakuhusu. Risasi inapita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto. Hata ile uliyoivuta utotoni iko mifupani, na mimba ikihitaji kalsiamu ya kujenga mtoto, mifupa inaiachia irudi kwenye damu. Mimba inaweza kutoka, mtoto anaweza kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Mnaokula udongo ndiyo kabisa, hasa kama unachota ukutani au uani kwako palepale moto ulipowaka.

SEHEMU YA 4: Walioanza kama sisi

Mkidhani natunga, nendeni mpaka Senegal. Pembeni ya mji wa Dakar kuna mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, upo baharini, ni watu wa uvuvi kama sisi. Kwa miaka mingi wahunzi wa pale walikuwa wanavunja betri za magari na kuyeyusha risasi watengeneze vizito vya nyavu. Vitu vidogo vidogo vya riziki, hakuna aliyeshtuka. Vumbi likawa linaingia mchangani, mwaka baada ya mwaka.

Kisha bei ya risasi ikapanda, wanunuzi wakaja wakautaka hata ule mchanga. Wanawake wakaanza kuuchimba na kuuchekecha, watoto mgongoni au pembeni wakicheza. Wengine wakaubeba mchanga mpaka ndani ya nyumba zao. Kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, watoto 18 walifariki. Kumi na nane, mtaa mmoja, miezi michache. Mama zao hawakuwa wazembe. Walikuwa wanatafuta hela ya chakula.

Oneni jambo hilo vizuri. Risasi iliyoua watoto wale haikuletwa siku ile. Ilikuwa imekaa chini ikisubiri. Risasi haiozi, mvua haiimalizi, jua haliichomi. Moto unaouwasha leo, mjukuu wako atatambaa juu yake.

Tukirudi hapa jirani, Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru. Pale hakikuwa kijiko na jiko la mkaa, kilikuwa kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichojengwa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, ananyonyesha. Mwanae akaugua, akatibiwa magonjwa mengine bila nafuu, mpaka kipimo cha damu kikaonyesha risasi. Mama huyo hakunyamaza. Aliwakusanya wenzake, wakapima watoto wengine, wakaandamana. Kiwanda kikafungwa 2014. Mwaka 2015 yeye akapewa tuzo ya kimataifa ya mazingira, ile ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 2024 wananchi wakashinda.

Mnaweza kusema, ah, kile kilikuwa kiwanda, sisi ni kasufuria kamoja. Sawa. Lakini kiwanda kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Sufuria lako liko upande wa ndani. Na Thiaroye walianza na sufuria.

SEHEMU YA 5: Najibu mliyoniandikia

"Marehemu baba aliyeyusha maisha yake yote na alifika miaka sabini." Mungu amrehemu. Lakini mimi sikuuliza kuhusu baba, yeye alikuwa mtu mzima. Nauliza kuhusu wale watoto wa nyumba ile. Yupi alichelewa kuongea? Yupi aliitwa kichwa kigumu akachapwa darasani mpaka akaacha shule? Yupi alikufa kwa degedege mkasema ni mdudu? Hatujui, kwa sababu hakuna aliyepima. Kutojua hakumaanishi kulikuwa salama.

"Nikimaliza nakunywa maziwa." Hili la maziwa nalisikia kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, kwa kila mtu. Maziwa hayasafishi risasi. Ni chakula kizuri, kalsiamu husaidia mwili usifyonze sana, basi. Risasi iliyokwishaingia haitolewi na pakiti ya maziwa.

"Navaa barakoa." Ile ya kitambaa iliyobaki tangu korona? Haizuii vumbi laini namna hiyo. Na hata ingekuzuia wewe, mwanao amevaa nini?

"Nafanyia nje, siyo ndani." Nje ndiko mtoto anakocheza. Nje ndiko maji yanakokaa. Nje ndiko kuku wanakodonoa, na mayai yao mnakula.

"Sufuria nalisugua kwa mchanga na sabuni." Sufuria lililoyeyushia risasi siyo chombo cha jikoni tena. Hata kama linang'aa.

"Kama ni hatari, serikali ingekataza." Mwaka 1987 Uingereza ilipiga marufuku kuuza vile vichubwi vidogo vya risasi vya kuvulia samaki. Mnajua kwa nini? Mabata maji walikuwa wanavimeza na kufa. Nchi nzima ikabadilisha vizito vya ndoano kwa ajili ya ndege. Sasa mimi nisubiri tangazo ndipo nimtetee mtoto wa binadamu?

"Basi mama awe anapiga deki na kumnawisha mtoto mikono." Hii ndiyo imenikasirisha zaidi ya zote. Yaani baba awashe sumu, halafu kazi ya kuikimbiza iwe ya mama, na ndoo yake moja ya maji ya kununua, siku nzima, kila siku? Mtoto akiugua aulizwe yeye, "we mama ulikuwa wapi?" Hapana. Deki ni muhimu, na nitawaeleza hapa chini, lakini deki haiwezi kushindana na moto unaowaka kila wiki. Anayewasha ndiye anayetakiwa kuzima.

SEHEMU YA 6: Basi tufanyeje?

Sijasema watu wasivue. Bila dagaa na samaki, damu za watoto wetu zingekuwa wapi? Nyavu zinahitaji uzito, nakubali. Lakini uzito si lazima uwe risasi. Wazee wa zamani walitumia mawe yenye tundu na udongo uliochomwa. Zege unaweza kumimina kwenye kalibu yoyote, ukapitisha kamba. Vipande vya chuma, nati, plagi za zamani za injini zilizokufa, vyote vinazama. Vitakuwa vikubwa kidogo kuliko risasi, vingine vitapata kutu. Hasara hiyo inahesabika kwa shilingi.

Betri chakavu iuzwe nzima, haijapasuliwa, maji yake hayajamwagwa. Ukiipasua ili uuze risasi tupu, ile nyongeza ya hela umeitoa kwenye kichwa cha mwanao.

Kama uani kwenu pamekwisha yeyushwa, mama, fanya haya:

1. Moto uhame leo. Betri, sufuria, vijiko na vipande vyote viondoke, visikae chini ya kitanda wala kwenye stoo ya unga.

2. Usifagie kavu, vumbi litaruka. Nyunyiza maji, au piga deki kwa kitambaa kibichi, ukisuuze mbali na kisima.

3. Pale moto ulipokuwa mtoto asicheze. Tandika zege, au funika kwa udongo mwingi safi kutoka mbali. Usipalime wala kupanda mchicha hapo.

4. Mikono ya mtoto inawe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala. Vitu vyake vya kuchezea pia.

5. Anayefanya kazi za betri au gereji aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo zile zifuliwe peke yake.

6. Wavuvi, msibane chubwi kwa meno. Na mtoto asipewe achezee.

7. Lisha vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu: dagaa, maharage, mboga za majani, maziwa. Mtoto aliyeshiba vizuri hafyonzi risasi kama mwenye njaa.

8. Usiache kunyonyesha kwa sababu ya post hii. Nenda kliniki kwanza, uongee na mhudumu.

9. Ukienda hospitali, sema kwa mdomo wako: "Nyumbani kwetu wanayeyusha risasi." Usisubiri kuulizwa. Kipimo cha risasi kwenye damu hakipo kila kituo, omba uelekezwe hospitali ya rufaa. Dawa ipo kwa waliofika kiwango cha juu, lakini ubongo ulioharibika hairudishi. Na tukimtibu kisha tukamrudisha palepale, tumefanya kazi bure.

Kwa wenzangu wa afya mnaonisoma: tuwe tunauliza kazi ya baba. Kwenye kadi ya kliniki tunaandika uzito, chanjo, dawa ya minyoo. Swali moja tu, "nyumbani kuna anayeshughulika na betri?", halichukui hata nusu dakika. Mtoto mwenye damu pungufu aliyepewa vidonge miezi mitatu bila nafuu, muulizeni mama yake swali hilo kabla ya kumwambia hajui kulisha.

Kwa wenyeviti wa mitaa na maafisa wa afya: mnawajua wanaoyeyusha. Moshi wao mnauona. Kikao cha mtaa kimoja, wavuvi waitwe, waonyeshwe zege, wanunuzi wa betri waambiwe wachukue nzima. Msisubiri tuwe Thiaroye ndipo mje na kamera.

Na wewe shemeji uliyenitumia video, sina ugomvi na wewe. Najua unatafuta riziki na najua unampenda mwanao, la sivyo usingemkalisha karibu yako ukifanya kazi. Sasa mtoe hapo karibu. Kisha zima jiko, beba sufuria, na usilirudishe.

Mama, ukimaliza kusoma mtag baba watoto. Akikasirika mwambie nimesema mimi nesi. Maswali wekeni hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitayajibu yote.